Dakika 15 za kuwasilisha, 15 za kuhojiwa: kuandaa timu ya sekondari kwa shindano la uchumi

Mashindano ya uwasilishaji wa uchumi kwa wanafunzi yana sura nyingi, lakini iliyozoeleka zaidi ni hii: timu ya watu watatu hadi watano inachukua nafasi ya kamati ya sera ya fedha ya benki kuu, inaeleza hali ya uchumi kwa dakika 15, inatoa uamuzi kuhusu riba, kisha inahojiwa na majaji kwa dakika 15 nyingine. Huko Marekani mtindo huu unajulikana kwa jina la Fed Challenge (Fed ni benki kuu ya nchi hiyo). Benki Kuu ya Uingereza nayo iliwahi kuendesha shindano la shule lililoitwa Target Two Point Five. Lengo la mfumuko wa bei la nchi hiyo lilipobadilishwa kuwa asilimia 2, jina nalo likageuzwa kuwa Target Two Point Zero. Olimpiadi ya Kimataifa ya Uchumi, iliyoanza mwaka 2018, ina sehemu ya timu ambapo wanafunzi hupewa kisa cha biashara na kukitetea mbele ya majaji.

Mwongozo huu unafuata sura ya benki kuu, kwa sababu ndiyo rahisi kwa shule ya Dodoma, Mombasa au Kisumu kuiandaa bila gharama. Takwimu zinatolewa bure, na kamati halisi ya benki kuu hutoa jibu lake kila baada ya miezi michache, kwa hiyo mnaweza kujipima nalo. Pale sheria za shindano lenu zinapotofautiana na tunayosema hapa, sheria ndizo zifuatwe. Zisomeni mara mbili, hasa kipengele cha muda, idadi ya wazungumzaji na kama kusoma kwenye karatasi kunaruhusiwa.

Anzeni na uamuzi, slaidi baadaye

Timu nyingi hugawana mada siku ya kwanza: wewe chukua bei, wewe shilingi, wewe pato la taifa. Baada ya mwezi wanakusanyika na hotuba nne ambazo hazijuani, na uamuzi unachomoza dakika ya 14 kama mgeni asiyetarajiwa. Jaji anauliza, "Hiyo riba mmeifikiaje?" na kila mmoja anamtazama mwenzake.

Fanyeni kinyume. Wiki ya kwanza kabisa jazeni sentensi hii ubaoni:

"Tunapendekeza riba ya benki kuu ibaki (au ipande, au ishuke) hadi asilimia ___, kwa sababu ___, na tutabadili msimamo iwapo ___."

Nafasi ya tatu ndiyo inayotofautisha timu. Kusema "tutabadili msimamo iwapo mfumuko wa bei wa msingi utavuka asilimia 4 kwa miezi miwili mfululizo" (wa msingi, yaani usiohesabu bei zinazoyumba kama za chakula na nishati) kunaonyesha kwamba mnajua mnachokiangalia. Kusema "tutaendelea kufuatilia hali" hakusemi kitu, na majaji wamechoka kukusikia.

Sentensi hiyo itabadilika, na hilo si tatizo. Wiki ya pili gawaneni makundi mawili: moja litetee kupunguza riba, jingine kuibakiza au kuipandisha. Wiki ya tatu badilishaneni pande. Ndipo mpige kura. Hoja za upande ulioshindwa msizitupe, maana ndizo maswali mtakayoulizwa.

Uamuzi lazima uanzie kwenye lengo. Tanzania inalenga mfumuko wa bei wa asilimia 3 hadi 5. Kenya inalenga asilimia 5, ikiruhusu pungufu au ziada ya pointi 2.5. Ukomo uliokubaliwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki katika safari ya sarafu moja ni asilimia 8. Namba hizo tatu kila mwanatimu azijue hata akiamshwa usingizini. Timu inayosema mfumuko wa asilimia 3.3 ni "mdogo mno" bila kutaja kwamba umo ndani ya lengo la Tanzania imejichimbia shimo.

Jueni pia historia fupi ya chombo mnachokishika. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutumia riba yake kama chombo kikuu cha sera Januari 2024, kwa asilimia 5.5. Aprili 2024 ikaipandisha hadi 6, na Julai 2025 ikaishusha hadi 5.75. Kabla ya 2024 iliongoza kwa kudhibiti ujazo wa fedha. Kwa hiyo grafu ya "riba ya sera ya Tanzania kwa miaka kumi" ni kosa ambalo jaji kutoka benki ataliona akiwa mlangoni. Kenya ina historia ndefu zaidi ya riba hiyo: ilifika asilimia 13 Februari 2024, ikaanza kushushwa Agosti mwaka huo, na Aprili 2025 ilikuwa asilimia 10.

Takwimu: zipi, wapi, lini

Hamhitaji namba mia. Hizi zinatosha: mfumuko wa bei wa jumla na wa msingi, bei za chakula na za nishati kila moja peke yake, ukuaji wa pato la taifa, mikopo kwa sekta binafsi, mikopo chechefu (isiyolipwa kwa wakati), thamani ya shilingi dhidi ya dola, akiba ya fedha za kigeni kwa miezi ya kuagiza bidhaa, nakisi ya bajeti, na riba halisi. Kwa kila moja tafuteni miaka mitano nyuma ili muone mwelekeo.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania hutoa mfumuko wa bei wa mwezi uliopita karibu na tarehe 8. Ile ya Kenya hutoa wa mwezi wenyewe mwezi unapoisha. Bei za mafuta hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, Jumatano ya kwanza ya mwezi, na na EPRA, mdhibiti wa nishati wa Kenya, tarehe 14. Benki Kuu ya Tanzania ina tathmini ya uchumi ya kila mwezi, na ya Kenya ina taarifa ya kila wiki. Wekeni tarehe hizi kwenye kalenda ya darasa, kisha chagueni siku ya kufunga takwimu: siku tano kabla ya shindano. Kinachotoka baada ya hapo kinajulikana na timu nzima kwa ajili ya maswali, lakini hakigusi slaidi. Isipokuwa jambo moja, ambalo tutalifikia mwishoni.

Namba zote ziandikwe kwenye daftari moja au jedwali moja lenye safu tano: namba, mwezi inaohusu, tarehe ilipotolewa, chanzo, na nani aliinakili. Mtu wa pili aikague kwa kurudi kwenye chanzo, asiikague kwa kumuuliza wa kwanza. Namba iliyotoka kwa programu ya akili bandia au kwenye kundi la WhatsApp haiingii kwenye daftari mpaka ionekane kwenye taarifa yenyewe.

Sasa mitego. Hapa ndipo alama hupotea kimyakimya.

*Mfumuko umeshuka, bei hazijashuka.* Chukua kapu la bidhaa lililogharimu shilingi 10,000 Januari ya mwaka wa kwanza. Januari ya mwaka wa pili ni 11,000, yaani mfumuko wa asilimia 10. Januari ya mwaka wa tatu ni 11,200, na mfumuko sasa ni asilimia 1.8. Mfumuko umeporomoka, lakini mama anayekwenda sokoni bado analipa 1,200 zaidi ya miaka miwili iliyopita. Mwanafunzi akisema "bei zimeshuka" hapa, jaji wa uchumi anaweka kalamu chini. Mfano huohuo unaonyesha jambo la pili: mfumuko wa leo unategemea sana mwaka wa kulinganishia ulikuwaje. Kenya ilikuwa na asilimia 9.6 Oktoba 2022 na 2.7 Oktoba 2024. Msieleze mteremko huo kwa riba peke yake. Hali ya hewa, mafuta na shilingi vyote vilikuwa na mkono humo.

*Asilimia na pointi za asilimia.* Riba ikitoka 6 kwenda 5.75 imeshuka kwa pointi 0.25 za asilimia. Ukisema imeshuka "kwa asilimia 0.25" umesema kitu kingine kabisa, maana robo asilimia ya 6 ni 0.015. Fanyeni mazoezi ya kulitamka hili mpaka lizoeleke.

*Uzito wa kapu.* Kundi la chakula na vinywaji visivyo na kilevi lina uzito wa asilimia 28.2 kwenye kapu la bidhaa linalotumika kupima mfumuko wa bei Tanzania, na karibu asilimia 33 kwenye la Kenya. Chakula kikipanda asilimia 6 Tanzania, mchango wake kwenye mfumuko wa jumla ni 0.282 mara 6, yaani kama pointi 1.7. Hesabu hii ya mstari mmoja, ikifanywa ubaoni wakati wa maswali, ina nguvu kuliko slaidi tatu. Hakikisheni watu wawili wanaweza kuifanya bila kikokotoo.

*"Shilingi imepanda."* Kwa Kiswahili cha mtaani maneno haya yana maana mbili zinazopingana: kuna anayemaanisha shilingi imepata nguvu, na kuna anayemaanisha dola sasa inauzwa kwa shilingi nyingi zaidi. Katika uwasilishaji tumieni "imeimarika" na "imedhoofika" tu. Na hesabu ya asilimia ina pande mbili. Dola iliyokuwa shilingi 160 za Kenya ikawa 130 imeshuka bei kwa asilimia 18.75, ilhali shilingi imeimarika kwa asilimia 23. Zote ni sahihi. Chagueni moja na mseme ni ipi.

*Riba halisi.* Riba ya 5.75 ukitoa mfumuko wa 3.3 inabaki 2.45. Inatosha kwa slaidi, lakini jueni udhaifu wake: mkopaji anajali mfumuko unaokuja, na hiyo 3.3 ni ya mwaka uliopita.

Mnyororo wa riba, na pale unapolegea

Kila timu hujua kukariri kwamba riba ikipanda watu hukopa kidogo na bei hutulia. Swali la jaji ni: kwa njia gani, na kwa muda gani?

Elezeni hatua kwa hatua. Riba ya benki kuu inaongoza riba ambayo mabenki yanakopeshana yenyewe kwa yenyewe kwa siku chache. Tanzania inaishikilia riba ya siku saba ndani ya pointi 2 juu au chini ya riba yake, na Kenya iliubana ukanda wake kuwa pointi 0.75 kila upande Februari 2025. Kutoka hapo inasogea kwenye dhamana za serikali, kisha kwenye amana na mikopo ya wateja, kisha kwenye uamuzi wa mfanyabiashara kuongeza mzigo au kusubiri, na mwisho kabisa kwenye bei. Safari hiyo inachukua miezi mingi. Kwa hiyo uamuzi wa leo unalenga mfumuko wa mwakani, na timu inayotumia bei ya nyanya ya wiki iliyopita kama sababu kuu imepotea njia.

Halafu semeni pale mnyororo unapolegea, maana hapo ndipo Afrika Mashariki inapotofautiana na kitabu cha kiada. Mama lishe anayekopa kwenye kikoba haoni riba ya benki kuu. Anayekopa kwa simu analipa ada ambazo hazisogei kwa robo pointi. Benki inayoweza kununua hatifungani za serikali bila wasiwasi haina haraka ya kumshushia riba mwenye duka la vipuri. Timu inayosema haya, kisha ikaeleza kwa nini bado riba ina maana (mikopo ya kampuni, thamani ya shilingi, matarajio ya wafanyabiashara), inasikika kama inaishi hapa.

Jambo la mwisho katika sehemu hii: ukame. Riba hailetei mtu mvua. Mahindi yakipanda kwa sababu hayakuvunwa, kupandisha riba hakuongezi gunia hata moja. Kinachoihusu benki kuu ni mzunguko wa pili: nauli, mishahara na bei za mama ntilie zikianza kupanda zote kwa sababu kila mtu anatarajia zaidi. Tenganisheni mizunguko hiyo miwili wazi. Ndiyo kazi ya mfumuko wa bei wa msingi kwenye slaidi yenu.

Kugawa dakika na kuandika

Lengeni dakika 14 ili ibaki moja ya kikohozi na projekta kugoma. Mgawanyo unaofanya kazi: dakika 1 kufungua na kutaja uamuzi, 4 za bei, 2.5 za ukuaji na ajira, 2.5 za shilingi, akiba na biashara ya nje, 2 za mabenki na mikopo, 2 za hatari na masharti ya kubadili msimamo. Bei zinapata muda mrefu kwa sababu ndizo zinazobeba hukumu. Ajira zipewe sentensi chache tu, maana takwimu zake hazitoki mara kwa mara.

Kwa Kiswahili, kusoma kwa utulivu ni karibu maneno 100 kwa dakika, hivyo maandishi yote yasizidi maneno 1,400. Pimeni wenyewe: kila mtu asome kwa dakika moja, mhesabu. Namba hula muda kuliko mnavyodhani. Jaribu kutamka "asilimia tano nukta saba tano" mara nne katika aya moja. Namba mbili kwa dakika zinatosha mdomoni, zilizobaki ziacheni kwenye slaidi.

Kama shindano ni kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida sekondari, jadilianeni kwanza kwa Kiswahili mpaka kila mtu aweze kumweleza bibi yake kwa nini riba ishuke. Ndipo mtafsiri. Wanaoanza na Kiingereza hukariri sentensi nzuri wasizoweza kuzitetea, na swali la kwanza huwavua nguo.

Slaidi kuu ziwe 10 hadi 12, na kichwa cha kila slaidi kiwe sentensi inayodai jambo: "Chakula kinapanda, bei za msingi zimetulia" badala ya "Mfumuko wa bei". Grafu moja kwa slaidi. Chini yake andikeni chanzo na mwezi wa takwimu ya mwisho. Mhimili wa wima wa grafu ya nguzo uanzie sifuri. Wa grafu ya mstari unaweza kuanzia kwingine, ila semeni. Rangi mbili zinatosha, na maandishi yasomeke kutoka dawati la mwisho. Nyuma ya slaidi ya mwisho wekeni nyingine sita hadi nane za akiba: deni la taifa, bei za mafuta, mikopo kwa kilimo, ulinganisho na Uganda na Rwanda. Hizo hazionyeshwi mpaka jaji aulize. Siku jaji anapouliza kuhusu deni na ninyi mkaifungua slaidi hiyo kwa sekunde tano, chumba kizima hubadilika.

Maswali

Tukisema nusu ya maandalizi yenu iende hapa, tunamaanisha saa halisi. Timu hutumia wiki saba kwenye hotuba na jioni moja kwenye maswali, kisha hushangaa kwa nini timu yenye slaidi mbaya imewapita.

Tengenezeni benki ya maswali 60, kila moja kwenye kipande cha karatasi, yote ndani ya kopo. Robo yawe ya maana ("mfumuko wa msingi unaacha nini nje?"), robo ya takwimu zenu, robo ya "vipi kama" (dola ikipanda ghafla, mafuta yakifika bei maradufu), na robo ya upinzani mkali. Kila kipindi chomoeni kumi. Anayejibu achaguliwe kwa kura, asiwe mwenye mada. Majaji wana tabia ya kumuuliza wa mabenki swali la chakula ili waone kama timu ni timu.

Jibu lichukue sekunde 30 hadi 45 kwa mpangilio huu: jibu lenyewe kwanza, sababu moja, namba moja, na mpaka wa jibu hilo. Mfano:

Swali: "Kwa nini serikali isiyaamuru mabenki yashushe riba ya mikopo?"

Jibu: "Tusingependekeza, kwa sababu mabenki huacha kuwakopesha wale wanaoonekana hatari. Kenya ilijaribu Septemba 2016 kwa kuweka ukomo wa pointi 4 juu ya riba ya benki kuu. Biashara ndogo zikapata shida zaidi kukopa, na sheria ikafutwa Novemba 2019. Hilo halina maana kwamba riba za sasa ni nzuri. Tungeanza na ushindani na taarifa za wakopaji."

Angalia kwamba jibu halikuanza na "Asante sana kwa swali lako zuri." Sekunde nne zimeokolewa, na jaji hajapakwa mafuta.

Maswali mengine ya kuyatafuna mapema: Kwa nini serikali isichapishe fedha ilipe deni? Mbona mfumuko ni mdogo na maisha ni magumu? (Rudini kwenye kapu la 11,200.) Akiba ya fedha za kigeni ya miezi 4 inatosha? (Ndiyo kiwango cha chini cha Tanzania na Kenya, lakini Jumuiya inalenga 4.5.) Nani anaumia na uamuzi wenu? Hili la mwisho linawakwaza wengi, maana wanajibu "hakuna". Riba ikishuka, mweka akiba anapata kidogo. Riba ikipanda, mkopaji anabanwa. Mtajeni mtu huyo, kisha semeni kwa nini bado mmeamua hivyo.

Wekeni utaratibu wa nani anajibu. Nahodha anatoa ishara ndani ya sekunde mbili, mmoja anajibu, na mwingine mmoja tu anaweza kuongeza, tena kwa jambo jipya. Ule msururu wa "naomba nimuongezee mwenzangu" mpaka wote watano wamesema jambo lilelile unakula dakika mbili na kuonyesha kwamba hamwaminiani. Mbaya kuliko huo ni wa pili kumpinga wa kwanza mbele ya majaji. Mwenzako akikosea namba, sema "nirekebishe tarakimu: ni 28.2" na uishie hapo.

Msichokijua semeni hamkijui, kisha semeni mngekitafuta wapi na kingebadilisha nini: "Takwimu ya mwezi huu hatunayo. Tungeiangalia kwenye taarifa ya benki kuu, na kama mikopo imepungua ingetusogeza upande wa kushusha." Kubuni namba ni kosa lisilosameheka. Jaji akikushika na moja, anazitilia shaka zote.

Mazoezi na majaji wa bandia

Wiki nane zinatosha: tatu za uamuzi na takwimu, mbili za kuandika, tatu za mazoezi. Fanyeni angalau mazoezi kamili sita, wima, kwa saa inayoonekana. Waalikeni watu wasiofundisha uchumi: mwalimu wa hesabu, afisa mikopo wa SACCOS ya jirani, mzazi mwenye duka la jumla. Huyo wa mwisho ndiye anayeuliza maswali ambayo hayamo kwenye kitabu. Waambieni wakatize, wakunje uso, wadai jibu fupi. Rekodini kwa simu mara moja, mara ya tatu au ya nne, na muiangalie bila sauti kwanza: mtaona nani anaipa hadhira mgongo kusoma slaidi, na nani anachezea kalamu.

Mwalimu akae nyuma. Mwalimu anayeandika majibu huonekana mara moja, kwa sababu wanafunzi watano wanatumia nahau moja ya mtu wa miaka 45. Kazi yake ni kuuliza "kwa nini?" na kununua chai.

Siku yenyewe

Flashi mbili, na faili liwe pia katika PDF, maana kompyuta ya ukumbini hubadilisha maandishi na kuvuruga grafu. Chapeni slaidi nne muhimu au mzichore kwenye karatasi za manila kwa makapeni nene. Umeme ukikatika mnaendelea bila kusubiri jenereta, na wakati mwingine hilo lenyewe linakumbukwa. Mtunza muda wenu akae mahali ambapo msemaji anamwona, na kadi tatu: dakika 5, dakika 2, maliza. Mavazi: sare safi inatosha.

Muda ukiwabana katikati ya uwasilishaji, kateni sehemu ya mabenki, kamwe msikate masharti ya kubadili msimamo. Kila mtu ajue mapema ni sentensi zipi zinaruka.

Na lile jambo la mwisho. Kamati ya Tanzania hukutana kila robo mwaka na ya Kenya kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo inawezekana benki kuu ikatangaza uamuzi wake siku mbili kabla ya shindano lenu. Hapa, na hapa tu, slaidi zinaguswa. Ikiwa uamuzi wao unafanana na wenu, badilisheni slaidi ya kwanza, mseme mnaunga mkono, na mtaje sababu moja mliyoipa uzito kuliko wao. Ikiwa umetofautiana, msiukimbilie. Someni taarifa yao yote, tafuteni ni namba gani waliyoiona tofauti na ninyi, kisha simameni mseme: kamati imeshusha, sisi tungebakiza, na tofauti yetu iko hapa. Swali la kwanza la jaji litakuwa hilo, na mtakuwa mmeshalijibu.